Kaburi Langu la Mgomba

Ijumaa Kuu ile mama alinigombeza kabla sijanawa uso. Shati langu lilikuwa na doa la mawese mgongoni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kubeba msalaba kwenye maandamano ya adhuhuri. Nilimwambia kwamba Bwana Yesu aliubeba wa kwake akiwa amevuliwa nguo. Akajibu kwamba mimi si Bwana Yesu, mimi ni Yosefu mwanawe, na hatakubali wanawake wa kijiji waangalie doa langu badala ya kusali. Akalifua shati, akalianika kwenye ua, na mimi nikakaa kifua wazi nikingoja likauke, nikisikiliza mchi wake ukitwanga mpunga wa Pasaka.

Asubuhi hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Sasa nimezeeka. Watoto wa ndugu zangu wananiita Marehemu mbele ya uso wangu, na mimi naitika. Nataka kueleza jina hilo lilitoka wapi, maana wanaolitumia siku hizi wanacheka tu, na wale waliokuwepo wamebaki wachache.

Kijiji chetu kiko kando ya njia ya Kasongo kwenda Kabambare, upande wa Lusangi. Wakati ule Wabelgiji walikuwa wanapigana na Wadachi ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na vita ile ilikula mabega ya watu wetu. Kwetu hakukuwa na gari. Kila sanduku la risasi na kila gunia la mchele lilisafiri juu ya mtu. Sultani wetu aliagizwa kutoa wapagazi, akawatoa, akaagizwa tena. Sisi vijana tukawa tunalala kwenye vibanda vya mashamba ya mbali, tunaingia nyumbani kwa kuibia, tunakula haraka na kutoka.

Petro, katekista wetu, ndiye aliyetuita turudi. Alikuwa mtu mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili wake, na aliamini kila neno alilofundisha. Alituma habari mashambani kwamba Ijumaa Kuu hakuna hatari. Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali, ni wazungu, na wazungu ni Wakristo. Siku aliyokufa Bwana wao hawawezi kumfunga mtu kamba. Tulimwamini. Waislamu wa Kasongo, walioishi na wakubwa wa kila aina tangu enzi za babu zao, wangecheka. Sisi tulikuwa Wakristo wapya, tukadhani dini waliyotuletea inawabana wao kwanza.

Adhuhuri nikatoka kanisani na msalaba begani, shati likinukia jua. Nje, chini ya ukingo wa paa la nyasi, alikuwa ameketi Amisi, kijana Mwislamu wa Kasongo aliyezunguka vijijini na chumvi na samaki wakavu wa Nyangwe. Alikuwa akingoja tumalize kusali ili auze. Alinikonyeza jicho, nikauma midomo nisicheke. Tukaanza kwenda polepole, Petro mbele, akieleza kwa sauti yake kubwa jinsi Bwana alivyoanguka mara ya kwanza.

Askari walitoka kwenye mihogo, pande zote mbili za njia.

Hawakupiga risasi. Wanaume wote wa kijiji tulikuwa tumesimama mahali pamoja, mikono mitupu.

Petro aliwaendea na kitabu chake juu. Mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka nacho.

Mkubwa wao alinitazama nikiwa bado na mzigo begani. Aliongea bila kupandisha sauti.

"Tuanze na huyu. Iko najua kubeba."

Walicheka. Wakanipokea msalaba, wakauegemeza vizuri kwenye ukuta wa kanisa, kwa sababu baadhi yao walikuwa na medali shingoni kama sisi. Kisha wakanitia kamba mimi na vijana wenzangu, Petro na wazee wakawaacha. Amisi alijaribu kuwaeleza kwamba yeye hata si Mkristo. Wakamfunga nyuma yangu, na chumvi yake wakaigawana.

Mama alitufuata hadi mwisho wa mashamba. Hapo askari mmoja akamwonea haya, akamwacha anikaribie. Alivua medali yake ya Bikira Maria, akanivisha. Aliongea nami kwa Kibangubangu, lugha ya nyumbani, na hakusema Mungu akulinde wala nitakuombea. Alisema rudi, basi, kama mtu aliyenituma kisimani.

Sitaeleza njia yote. Watu wengi walipita njia ile, na kila mmoja anajua kipande chake. Tulipita Kabambare, ambako wanawake walisimama kando wakitafuta sura za watoto wao katikati yetu. Tulipanda milima ya baridi, na huko wengine hawakuamka asubuhi. Tulivushwa ziwa. Upande wa pili nikapewa sanduku la risasi, na sanduku lile ndilo lililochimba shimo kwenye bega langu la kulia. Mvua ikikaribia bado linawasha.

Vita yenyewe sikuiona sana. Mpagazi haoni vita, anaona mgongo wa mtu aliye mbele yake. Nilisikia mizinga upande wa Tabora, na nikawaona waliorudi kutoka huko. Mara moja risasi zilipita juu yetu kwenye nyasi kavu, na Amisi akanilalia shingoni, akanibana uso kwenye vumbi mpaka zikaisha. Tulipoinuka, mgongo niliokuwa nikiufuata tangu ziwani ulikuwa chini, na sanduku lake juu yake. Askari akaligawa lile sanduku, kila mtu akaongezewa kidogo. Jina la mtu yule sikuwahi kulijua.

Tumbo la damu lilinikamata kabla ya Tabora. Maji yalikuwa machache na tulikunywa tuliyoyapata. Nikaanza kubaki nyuma, nikapigwa, nikaenda, nikabaki tena. Siku moja miguu ilikataa kabisa.

Amisi aliniburuta hadi kivuli cha mti wa miiba. Nilimwona akinitazama, kisha sikumwona tena.

Askari alimwita. Amisi akaniita mimi kwa jina, sikuitika. Akaweka mkono puani kwangu. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia pumzi.

Alikata matawi, akanifunika, kichwa kwanza. Akanivua medali ili ampelekee mama. Akasoma maneno ya dini yake juu yangu, kwa kuwa ya kwangu hakuyajua. Kisha akaubeba mzigo wake.

Alinitendea yote ambayo mtu anaweza kumtendea mwenzake. Sijawahi kumlaumu hata siku moja.

Mama mmoja wa Kinyamwezi alikuja kutafuta kuni na akataka matawi yale. Alipolivuta la kwanza akauona mguu ukitikisika. Wengi wangekimbia. Yeye aliketi chini, akafikiri, kisha akaenda kuleta maji. Alinilaza nyuma ya ghala lake mpaka nikaweza kusimama, halafu akaniambia niende zangu, maana chakula chake kilikuwa kidogo na mumewe naye alikuwa amechukuliwa na Wadachi. Kila mahali mabega yalikuwa yakitafutwa.

Nilirudi polepole. Nilitumikia watu njiani kwa chakula, niliugua, nilipona nusu, nilivuka ziwa na wavuvi. Tumbo halikuniacha kabisa. Mvua zikanyesha, zikapungua, na nilipoingia Kabambare nikakuta watu wanafagia mbele ya kanisa. Niliuliza kuna nini. Wakasema kesho kutwa ni Pasaka. Nilikaa kando ya njia nikalia, kwa furaha kabisa. Niliona kama Mungu amenipangia. Nilichukuliwa Ijumaa Kuu, narudi Pasaka. Njia nzima nilikuwa nikijionea uso wa mama.

Nilikuwa sijui kwamba nimezikwa.

Amisi alikuwa ametangulia, amerudishwa pamoja na wagonjwa. Kabla hata ya kwenda kwao Kasongo alipitia kwetu, akamkabidhi mama medali na kumweleza alivyonifunika. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, shina lenye urefu wake, likafungwa kwenye mkeka wake, likazikwa. Kama si hivyo, kivuli chake huzunguka barabarani kikitafuta kaburi. Mjomba wangu Mulamba, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia. Petro alikataa mara ya kwanza, akasema mgomba haukubatizwa. Halafu akamwona mama alivyokuwa amelala mavumbini na kichwa kilichonyolewa, akaja na maji ya baraka, akasali, akauchomeka msalaba wa mti juu yangu.

Lakini wachimbaji walikuwa wachache, wazee na wagonjwa tu, na walifanya kazi kwa haraka. Mgomba wa kuzikia hukatwa juu ya ardhi. Wao waling'oa mmoja mzima, na kisiki chake kikaingia nao kaburini. Mvua zilipokuja, jani likachomoza katikati ya kaburi. Mjomba alilikata. Likachomoza tena. Mama akaanza kusema mwanangu iko mzima, na watu wakamhurumia, wakasema majonzi yamemgeuza akili. Kila alfajiri alikwenda kufagia pale, na alipoona hakuna anayemtazama alilimwagilia jani lile maji.

Hayo yote nilielezwa baadaye. Asubuhi ile ya Pasaka nilijua tu kwamba nimefika.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Watu walikuwa kanisani, na nilisikia sauti ya Petro ikisoma habari za wanawake waliokwenda na manukato wakakuta jiwe limeondolewa. Nje, mahali pake palepale, aliketi Amisi na kikapu chake.

Aliniona. Nikacheka, nikamkonyeza jicho, kama yeye alivyonikonyeza siku ile.

Hakucheka. Midomo yake ikaanza kusoma shahada.

"Nilikufunika," akasema. "Nilikufunika miye mwenyewe, kwa mikono hii."

Ndani wakasikia. Watu wa karibu na mlango wakageuka, wakaniona.



Kisha ukuta wa nyasi wa upande wa pili ukapasuka, na kanisa lote likatokea huko. Wazee, wanawake, Wakristo ambao dakika ile walikuwa wakiitikia kwamba amefufuka. Niliwaita kwa majina, na kila niliyemwita alizidi kukimbia. Wenye nguvu hawakusimama mpaka wakafika kwenye mihogo, wakanitazama kupitia majani.

Petro alibaki.  Mjomba Mulamba naye alisimama, mbali, akaniambia nisisogee. Alilia huku akisema. Alisema ananipenda, alisema kaburi langu lilifanywa kwa heshima, akaniomba nirudi nilikotoka, nisije nikachukua wengine.

Petro alikuwa akifikiri. Nilimfahamu, nikaona usoni mwake kwamba amekumbuka kitu. Alimgeukia Amisi, akamwomba samaki mmoja. Akamweka juu ya jani la mgomba, akaja hatua chache, akaliweka jani chini, akarudi nyuma.

"Kula," akasema. "Kivuli hapana kula."

Ndipo nikaelewa. Alitufundisha kila mwaka jinsi Bwana alivyowatokea wanafunzi wake nao wakadhani wanaona kivuli, akawaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, wakampa samaki akala mbele yao. Zamani nilikuwa nikijiuliza, moyoni, kwa nini wale wanafunzi walikuwa wajinga hivyo. Mtu wenu amerudi, mnamwogopaje?

Nilipiga magoti nikala. Samaki alikuwa mkavu, mwenye chumvi kali, na sikuwa nimekula tangu jana yake, lakini hakushuka vizuri. Macho yote ya kijiji yalikuwa kwenye koo langu. Niliwaonyesha miguu. Nilivua nguo begani nikawaonyesha shimo la sanduku. Mtu mmoja kwenye mihogo akaanza kulia, kisha wengi, lakini hakuna aliyekuja. Nimesikia mahubiri mengi ya Pasaka tangu siku ile, na hakuna padri aliyewahi kueleza upweke wa Bwana akitafuna samaki yule.

Mama alitokea nyuma ya nyumba na fagio mkononi. Alikuwa amezeeka kupita kiasi. Alisimama, akatazama watu, akanitazama mimi, na sikuona mshangao usoni mwake. Alikuja moja kwa moja.

Mjomba alimkinga kwa mkono. Alisema kwanza kaburi lifukuliwe, mgomba utupwe mtoni, mbuzi achinjwe, kisha nipitishwe kwenye tundu la ukuta wa nyuma kama mtoto anayezaliwa, nipewe na jina jingine. Kabla ya hapo nisiguswe.

"Dada, ngojea mbuzi. Mutu akimugusa mbele ya mbuzi kuchinjwa, ataingia kaburini pahali pake."

"Niingie," mama akasema.

Akalitupa fagio, akanikumbatia. Nilikuwa nanuka, nguo zangu zilikuwa chafu za ugonjwa, na alinibana kama anataka kunirudisha tumboni. Kisha akanishika mkono, akanipitisha mlangoni, mlango wa kawaida, mbele ya wote. Mchana ule alipika wali. Tulikula kwenye sahani moja, mimi na yeye peke yetu.

Mjomba aliufukua mgomba siku ileile, akautupa mtoni pamoja na lile jani. Shimo lililobaki desturi inataka lifukiwe na aliyerudi, kwa mikono yake, baada ya mbuzi. Lakini mbuzi hakuwepo. Askari walikuwa wamekula mbuzi wote wa njia yetu, na mmoja aliyesemekana kubaki huko Lusangi alikuwa ameliwa kabla mjomba hajafika. Petro alitaka tulifukie tu, akasema samaki ametosha. Mjomba akakataa, akasema hilo si jambo la samaki. Kwa hiyo shimo likabaki wazi nyuma ya nyumba, na watu walizunguka mbali wasipite karibu nalo.

Mama alinifulia nguo. Aliniosha, alinisafisha kama mtoto mchanga, maana tumbo lilinirudia kwa nguvu. Nilipoanza kusimama, yeye akalala. Ulikuwa ugonjwa uleule, damu ileile. Niliujua tangu siku ya kwanza, nilikuwa nimeuona kambini, na nilijua unavyokwenda kwa mtu aliyekonda. Kijiji nacho kilijua, kwa njia yake. Walisema ameingia pahali pangu. Hawakusema kwa ubaya, walisema kwa masikitiko, na walianza kunikaribia. Wengine walinishika hata mkono. Sikuwaelewa kwa nini sasa hawaniogopi, mpaka mama mwenyewe aliponieleza.

Alimwita mjomba, Petro na mimi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ile shimo mulichimba ya mwanangu," akasema, "muniweke miye. Hapana kuchimba ingine. Ikibaki wazi itamungojea."

Petro alianza kumwambia kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba Bwana ameshayashinda makaburi yote. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kwa sababu alimpenda.

"Njo maana," akamjibu. "Na Yeye alijaza shimo ya wengine."

 Petro alikuwa ametufundisha jambo hilo miaka yote kwa sauti kubwa, na alipolisikia kitandani, kwa mwanamke asiyejua kusoma, alifunika uso kwa mikono yake.

Mama alikufa kabla ya sikukuu ya Kupaa. Tulimweka humo. Shimo lilikuwa refu kuliko yeye, lilipimwa kwa urefu wangu, na ilibidi tujaze udongo miguuni. Nilimvisha medali yake. Mjomba alinikabidhi jembe, nami nikafukia, kwa mikono yangu, kama desturi ilivyotaka. Mbuzi hakuchinjwa kamwe.

Petro amekufa, mjomba amekufa. Amisi anakaa Kasongo, na mwaka unapozunguka anakuja na samaki mmoja aliyefungwa kwenye jani, na tunamla pamoja bila maneno mengi. Watu wanadhani ni utani wa wazee. Sasa tuna kanisa la matofali na kengele, na usiku wa Pasaka linajaa hadi nje. Vijana wanaimba vizuri. Wanasoma habari za wale wanawake waliofika alfajiri wakakuta kaburi tupu, na watu wote wanashangilia, nami nawatazama wanavyoshangilia. Simwonei mtu wivu. Naamini kama wao, labda zaidi yao.

Ila mimi siku hiyo sikai mpaka mwisho. Natoka kabla ya mapambazuko na fagio langu, nazunguka nyuma ya nyumba, nafagia. Migomba haijaota tena pale. Kaburi langu mimi si tupu. Mama yumo.